Maili Mbili Zilizomezwa na Gundi: Kumuaga Mzee Josphat Ekisa wa Chumba cha Ramani

Msomaji mpendwa, nakuomba sana: usizisome karatasi hizi kwa sauti, usiziache mezani, wala usimtajie mtu neno lolote lililomo mpaka jioni ya Jumamosi tarehe 29 Juni. Kama wewe ni mfanyakazi wa ofisi yetu, zisome ukiwa nyumbani. Kama ni dereva wa lori wa Malaba, au tanboi anayemsaidia, uliyepewa nakala na rafiki, zikunje uzitie mfuko wa ndani wa koti. Anayeandikwa humu anakaa meza moja nami, na masikio yake ni mazima kuliko magoti yake. Akijua tunachopanga hatakuja, na asipokuja watu wengi watakuwa wametembea bure.

Mzee Josphat Ekisa, mtunza ramani wa ofisi ya maendeleo ya jamii hapa Busia, anastaafu tarehe 30 Juni 1968 baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alizaliwa upande wa Amukura, na ndiko anakorudi. Aliajiriwa mwaka wa 1942 kushika mnyororo wa wapima ardhi: yeye mbele, mwenzake nyuma, mnyororo wa chuma katikati ukiburutwa kwenye mtama wa watu huku wenye mtama wakiwatukana. Mwenyewe husema kwamba kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili, kuhesabu na kuomba radhi. Baadaye akawa tarishi, kisha akapewa ufunguo wa kabati la ramani, na ofisi ilipofunguliwa hapa mpakani alikuja nalo kabati hilo juu ya lori, akiwa ameketi juu yake ili lisiruke kwenye mashimo.

Wasiomjua huuliza ofisi ya serikali inahitaji mtunza ramani wa nini. Jibu ni kwamba watu wa wilaya hii wanatembea. Sisemi kutembea kwenda sokoni, kwa sababu hilo halihitaji ramani. Nasema wanafunzi wanaopanda vilima vya Samia kujifunza jiografia, vijana wanaokwenda kupiga kambi kando ya mto Sio, akina mama wa kanisa wanaokwenda kuimba kwa wenzao. Wote hao hupita kwanza kwenye dirisha la Mzee Ekisa, naye huwapimia njia juu ya karatasi kabla hawajaipima kwa miguu. Huwaandikia kijikaratasi: umbali wa njia, mahali penye maji ya kunywa, na jina la mtu mmoja. Kuhusu jina hilo nitaeleza mbele.

Anapima kwa uzi. Ni uzi wa nyavu za samaki, ule unaouzwa ufuoni Osieko, kwa sababu hauvutiki kama uzi wa kushonea. Huchoma pini mahali safari inapoanzia, akafunga uzi hapo, kisha akaulaza juu ya njia kwa ncha ya kidole, kona baada ya kona, akiushikilia kwa pini nyingine pale njia inapojipinda sana. Akifika mwisho huubana kwa kucha, akaunyanyua, akaunyoosha juu ya mstari wa vipimo uliochapwa chini ya ramani. Hatumii rula. Nilipoanza kazi nilimletea rula mpya kabisa, nikidhani nimemsaidia. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaitumia kufungulia mkebe wa gundi. Baadaye alinieleza kwamba karatasi hunyonya unyevu msimu wa mvua ikapanuka, na mstari wa vipimo hupanuka pamoja nayo kwa sababu ni ndugu, lakini rula ni mgeni, haijui kama mvua imenyesha.

Lilikuwepo pia gurudumu dogo la chuma lenye uso wa namba kama saa, la kupimia njia juu ya ramani, aliloachiwa zawadi na afisa mmoja aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Mzee alilijaribu kwa uaminifu mwaka mzima. Liliteleza kwenye kona na kuruka kwenye mikunjo. Sasa liko Amukura, ambako mkewe, Mama Alupo, analitumia kukatia kingo za mandazi, na mandazi ya nyumba hiyo yana meno mazuri kama stempu.

Upande wa Malaba hawakosi wa kumtania. Mwaka jana alikuwa pale kwenye kizuizi cha forodha akipimia njia kikundi cha walimu, ramani ikiwa imetandazwa juu ya pipa, na malori yamepanga foleni. Tanboi mmoja akachungulia kutoka juu ya mzigo wake.

“Mzee,” akamwita, “yaani wewe unasafiri na uzi?”

“Na wewe unasafiri na gari la mwenyewe,” akajibu Mzee bila kuinua kichwa. “Kila mtu na chake.”

Foleni nzima ilicheka, na tanboi huyo ni mmoja wa waliopewa nakala hii. Nilipompelekea aliuliza jambo moja tu, kama Mzee bado anakumbuka. Anakumbuka, na anamsalimu.

Ramani zetu huishia mpakani. Ng'ambo yake karatasi ni nyeupe tupu, kana kwamba Uganda haijaumbwa. Basi watu wakitaka kutembea kutoka kwetu mpaka Tororo, Mzee hupima hadi daraja la Malaba, na mwenzake wa ofisi ya kule hupima kutoka Tororo hadi daraja hilohilo. Halafu kila mmoja huja na uzi wake mfukoni, wakakutana darajani, wakaziunga nyuzi hizo fundo moja na kuwakabidhi wasafiri. Ramani za pande mbili hazikuchorwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo uzi ule ukiunganishwa hauna maana ya hesabu yoyote. Wote wawili wanajua. Umbali wenyewe umeshaandikwa kwenye kijikaratasi, na uzi ni wa kuaga tu. Askari wa mpakani wamezoea na hawaulizi tena.

Sasa nije kwenye jina.

Ukifika dirishani pa Mzee Ekisa ukasema unataka njia ya kwenda mahali, hakuulizi kwanza unakwenda lini wala mko wangapi. Anauliza: “Nani kati yenu anatembea polepole kuliko wote?” Usipomtaja hakupimii. Jina hilo huliandika juu kabisa ya kijikaratasi, kisha umbali unaofuata huugawa kwa hatua za mtu huyo, sio kwa hatua za wenye nguvu. Aliyetajwa ndiye anayeamua mahali pa kupumzika na wakati wa kuondoka.

Mwalimu mmoja wa michezo aliwahi kuja na darasa lake akasema wanafunzi wake wote wana kasi moja, kwa hiyo hakuna jina. Mzee hakubishana naye. Aliwaomba watembee hadi mlingoti wa bendera na kurudi, na mwalimu naye ili wamfuate vizuri. Wa mwisho kurudi alikuwa mwalimu, na firimbi yake mdomoni. Kijikaratasi kilitoka na jina lake, na nasikia kule vilimani wanafunzi walimsubiri kwa heshima sana.

Watu wengi wanafikiri ni mzaha wa mzee. Si mzaha. Ukutani, juu ya kabati, imetundikwa ramani kuukuu iliyobandikwa kwenye kitambaa cha kaki, na katikati yake pana mpasuko mrefu uliofunguliwa kwa wembe. Mzee mwenyewe humweleza habari yake kila anayeuliza, kwa hiyo simwagi siri yake. Naiandika hapa kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini Jumamosi hiyo tunakwenda Osieko.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwaya ya akina mama wa Namboboto ilialikwa Osieko, kwenye ufuo wa samaki, kufungua kanisa jipya. Iliamuliwa kwamba mlango usifunguliwe mpaka wimbo uimbwe, na wimbo wenyewe waliutunga wao. Lori lingewafikisha ng'ambo ya mto Nzoia, pale barabara ilipoishia, na kutoka hapo wangetembea. Walikuja kwa Mzee Ekisa wapimiwe. Ramani ya upande ule ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa hata ikakatika vipande viwili, naye wiki iliyotangulia alikuwa ameiunga vizuri kwa gundi na kitambaa. Alilaza uzi wake, akaunyoosha, akawaandikia maili sita.

Kwenye kuunga, kipande kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kingine. Ni upana wa ukucha wa kidole gumba, nusu inchi hivi. Lakini ramani ile kila inchi moja ni maili nne za ardhi. Chini ya gundi kulilala maili mbili, na ndani ya maili hizo mlikuwa na ulimi wa kinamasi chenye mafunjo ambao njia inauzunguka.

Anayeanzisha nyimbo katika kwaya ile ni Mama Zilpa Auma. Wengi mnamjua: sauti yake ikianza, wengine wanajua pa kuingilia, na asipoanza hakuna anayethubutu. Siku hizo mguu wake mmoja ulikuwa umevimba. Wenzake walipoona jua limepanda na wamechelewa, walitangulia mbio, wakamwambia awafuate taratibu, maana kwa hesabu ya kijikaratasi zilibaki hatua chache. Alitembea mpaka alipoona kwamba maili sita zimekwisha. Mbele yake palikuwa na mafunjo tu. Hakudhani karatasi imekosea. Alidhani miguu yake ndiyo iliyokosea, kwamba amepotea au amehesabu vibaya, akaketi chini kando ya njia asije akapotea zaidi.

Wale waliotangulia walifika watu wakiwa wamechoka kungoja. Walisimama mbele ya mlango kwa mistari, wakatazamana, na hakuna aliyeanza. Mwishowe mlango ulifunguliwa hivihivi. Mchuuzi wa samaki alirudi na baiskeli kumchukua Mama Zilpa, na alipofikishwa alikuta watu wanakunja mikeka.

Wiki iliyofuata alikuja Busia. Mzee Ekisa anasema hakuja kwa hasira, na kwamba angekuja kwa hasira ingekuwa afadhali.

“Ekisa,” akamwuliza dirishani, “zile maili mbili uliziweka wapi?”

Mzee alichukua ramani, akaitandaza juu ya meza, akaipitishia vidole kama anayetafuta mwiba. Alipogusa ule unene wa karatasi mbili, aliomba wembe na maji ya moto. Akaufungua muungo ule mbele ya Mama Zilpa, polepole, mpaka kinamasi na njia yake vikatokea, vimepauka kwa gundi.

“Ziko hapa, mama,” akasema. “Nilizibandika.”

Mama Zilpa aliinama akatazama. “Mimi nilikuwa nimekaa wapi?”

Mzee akamwonyesha mahali kwa ncha ya pini. Tundu la pini hiyo liko mpaka leo. Mama akalitazama kwa muda, akasema, “Padogo hivyo,” akaenda zake.

Tangu siku hiyo Mzee aliitundika ramani ukutani bila kuitengeneza. Tangu siku hiyo anauliza jina la anayetembea polepole. Tangu siku hiyo pia, kikundi chochote kinachokwenda safari ya siku moja, yeye huomba ruhusa akaenda nacho, na hutembea nyuma ya watu wote. Hakuna aliyewahi kubaki nyuma ya Mzee Ekisa. Jambo moja tu hafanyi. Ukimwuliza umbali wa kwenda Osieko, anakwambia, “Hiyo siijui, waulize wavuvi,” na dirisha linafungwa.

Mwezi wa nne mkuu wetu, Bwana Barasa, alimwita ofisini kwake. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nashika faili.

“Mzee, unatuacha,” akasema Bwana Barasa. “Tukuchinjie hata mbuzi.”

“Mbuzi hajanikosea.”

“Basi hotuba fupi.”

“Nikisikia hotuba nitatokea mlango wa nyuma.”

“Ofisi hii haina mlango wa nyuma, Mzee.”

“Dirisha liko,” akasema Mzee. “Nalijua vizuri.”

Bwana Barasa alicheka, lakini baada ya Mzee kutoka alibaki anagonga kalamu kwenye meza. Akasema mtu hawezi kutumika miaka yote hii akaondoka kama aliyekwenda kununua sigara. Akaniuliza kama kuna kitu chochote duniani Mzee anachokitaka. Nilimwambia sijui. Kisha nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeitazama ramani ile ukutani kila siku tangu niajiriwe, kwamba labda anataka kusikia ule wimbo.

Hapo ndipo nilipopewa kazi hii, na sijalala vizuri tangu wakati huo. Nilitakiwa kupima njia ya Osieko mimi mwenyewe, kwa uzi, kwenye ramani mpya, huku mwenye uzi akiwa ameketi upande wa pili wa meza. Nilipima kila alipotoka kunywa chai. Nilipima mara nyingi kuliko inavyofaa kusema, na majibu hayakuwa yakilingana mpaka nilipoacha kuharakisha. Kwa kuwa bado sikujiamini, Jumapili iliyopita nilikwenda nikaitembea njia yote kwa miguu. Ni maili nane na kidogo. Wavuvi wameweka magogo mapya pale kwenye kinamasi, na ukitembea bila kukimbia ni njia nzuri sana, yenye ndege wengi.

Lakini umbali haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa jina.

Mwezi wa pili tulikwenda na vijana vilima vya Samia, na Mzee alikuwa nyuma kama kawaida. Nilidondosha kalamu, nikageuka kuitafuta. Nilimwona anachechemea, ameshika goti kwa mkono, na uso wake sio ule anaokuja nao dirishani. Aliponiona akasimama wima, akaanza kutazama miti. Nilipomwuliza Mama Alupo aliniambia ni ile ajali ya baiskeli ya mwaka juzi, na kwamba jioni hukanda goti kwa maji ya chumvi na kuwakataza watoto wasiseme. Sisi hatukujua, kwa kuwa mtu anayetembea nyuma ya watu hakuna anayemwona akichechemea.

Basi mkiniuliza kwa kanuni yake mwenyewe nani kati yetu anatembea polepole kuliko wote, jibu ni yeye. Na hilo siwezi kuliandika. Akiona jina lake juu ya kijikaratasi atabaki nyumbani. Tukienda naye bila kusema, atatembea nyuma kama anavyotaka, watu watamwacha bila kujua, na siku ya kuagwa kwake Mzee Ekisa atafika Osieko peke yake, wa mwisho, mikeka inakunjwa.

Nilikwenda Namboboto kwa Mama Zilpa. Nilimkuta anaanika mihogo. Nilimweleza yote, na nakiri nilieleza kwa mzunguko mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga mihogo.

“Andika mimi,” akasema.

Nikamwambia kwamba mguu wake umepona siku nyingi, na kwamba kila mtu anajua anakwenda Funyula sokoni na kurudi kabla ya chai.

“Kijana, andika mimi. Mimi nitakuwa nyuma yake.”

“Hatakubali, mama. Yeye hakai mbele ya mtu.”

“Nitafunga kamba ya kiatu. Nitatoa mchanga. Nitachuma mboga njiani. Mwanamume gani anasimama kungoja mwanamke anayechuma mboga?”

“Na akisimama?”

“Basi tutasimama wote wawili. Wimbo ni wangu mimi kuanzisha, si ndio? Hauwezi kuanza kabla sijafika.” Alipangusa mikono kwenye leso. “Mtu ametembea nyuma ya watu miaka yote hii kwa sababu yangu. Acha afike mara moja mbele ya mtu.”

Kwa hiyo niliandika jina lake. Ni kijikaratasi cha kwanza kutoka katika chumba kile chenye jambo lisilo kweli la makusudi, na naiomba ofisi iniwie radhi. Jumatatu nilikiweka mbele ya Mzee, kama utaratibu unavyotaka, nikasema kikundi cha akina mama kinakwenda Osieko na kinaomba mtu wa kutembea nyuma. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza.

Alisoma umbali kwanza. “Maili nane na kidogo,” akasema. “Umepima wewe?”

“Mimi, Mzee.”

“Na hiki kidogo ni nini?”

“Ni magogo ya kinamasi, Mzee. Yamezidisha njia.”

Aliinua macho akanitazama, na nilidhani siri imefichuka. Kisha akasoma jina lililo juu. Akageuka kuitazama ramani ya ukutani, pale penye tundu la pini.

“Mguu wake bado?” akauliza.

Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo mtu angeweza kuielewa vyovyote.

“Nitakuja,” akasema. “Mwambie asiharakishe. Nitakuwa nyuma yake.”

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Yeye ameazimia kuwa nyuma ya Mama Zilpa, na Mama Zilpa ameazimia kuwa nyuma yake. Kati ya hao wawili sijui nani atashinda, ila nimewahi kumwona mama akichuma mboga, na tumaini langu liko kwake. Kwaya itatangulia mapema na kusimama mbele ya mlango wa kanisa, ambao umekubaliwa ufungwe. Sisi wengine tutakuwa katikati ya njia. Tafadhali tusitembee haraka, na hata ukisikia wanabishana huko nyuma, usigeuke.

Baada ya wimbo nimeagizwa nisome mbele yake haya niliyoyaandika. Kwa hiyo maneno yanayofuata ni yako, Mzee Ekisa, na nayasema sasa kwa karatasi kwa kuwa sina hakika kama sauti itatoka siku hiyo.

Tunakushukuru kwa kila kona uliyoilazia uzi kwa niaba yetu. Umetupeleka mbali na kuturudisha sote. Nakushukuru na mimi pia, ambaye mwezi ujao nitaketi kwenye kiti chako. Nitauliza jina la anayetembea polepole kabla ya kuuliza kitu kingine, na ramani ile haitaondolewa ukutani. Amukura ikupokee vizuri. Wimbi shambani mwako ustawi, goti lipate dawa, mandazi yasikose meno. Na huko kwenu, ambako kila njia unaijua bila karatasi, tunakuombea watu wa kutembea nao kwa mwendo wako.

Sasa nirudi kwa wewe msomaji. Lori litaondoka mbele ya ofisi Jumamosi alfajiri, na la pili litapita Funyula kuchukua watu wa huko. Anayetaka kuja, au mwenye swali, anitafute mimi, Phanuel Bwire, karani, dirisha la pili ukitokea barabara ya mpakani, saa za chai, ambapo Mzee huwa ametoka. Usimtume mtoto na usiache ujumbe mezani. Kama unatoka Malaba, mwachie salamu karani wa kizuizi useme tu kwamba una haja na uzi, nitaelewa nitakuja.

Ukifika dirishani ukamkuta yeye badala yangu, usishtuke wala usigeuke kurudi, kwa maana atatambua. Msalimu, halafu mwulize umbali wa kwenda Namboboto. Atakuuliza nani kati yenu anatembea polepole kuliko wote. Mtajie jina lolote ulipendalo, isipokuwa lake.